Mtoto wa miaka 4, bibi wa miaka 67 na karnivali ya Trinidad: twende wote?

"Daktari, shikamoo. Ninaishi Toronto. Mume wangu ni mzaliwa wa Trinidad, kisiwa cha Karibiani, kwao ni mji wa Arima, na kila mwaka ananiambia watoto wanapitwa na karnivali. Tumekusudia kwenda Februari 2027. Kijana wetu ana miaka 10 na anapenda sana ngoma. Mdogo wake ana miaka 4. Akisikia mashine ya kukaushia nywele tu, anaziba masikio na kulia. Mama yangu, miaka 67, atakuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu na tungependa tusafiri naye. Ana presha, anatumia amlodipini pamoja na kidonge cha kukojosha, na miguu humvimba. Ni mtu wa swala tano. Dada yangu ananiambia nimepotewa na akili: karnivali ni uchi, pombe na vurugu, masikio ya mtoto yatapasuka na mama atarudi na malaria. Mume wangu anasema hakuna neno, watoto wa kule huenda tangu wakiwa wa kubebwa. Nani mkweli? Na je, mama anahitaji kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano?"

Marahaba, mwanangu. Dada yako na mume wako wote wamesema kweli, ila kila mmoja anasimulia saa yake. Dada yako ameona picha za Jumanne mchana na za alfajiri ya Jumatatu. Mume wako anakumbuka Jumamosi ya utotoni. Karnivali ya Trinidad si tukio moja la siku moja. Ni msimu unaochangamka mara baada ya Krismasi na kukoma usiku wa manane wa Jumanne, Jumatano ya Majivu inapoingia. Ndani yake yamo mambo yanayowafaa watoto kabisa, na yamo mengine ambayo mimi nisingempeleka mtoto hata kwa dakika kumi. Kwa hiyo nasema nendeni, lakini si mwaka mliouchagua, wala si saa zote.

Nianze na mwaka, maana naona hakuna aliyewatajia. Karnivali hufuata Pasaka, na Pasaka hufuata mwezi mpevu wa Machi au Aprili, ndiyo maana tarehe huhama: Jumanne ya karnivali inaweza kuangukia popote kati ya tarehe 3 Februari na 9 Machi. Mwaka 2027 ni Jumatatu tarehe 8 na Jumanne tarehe 9 Februari. Sasa fungua kalenda ya Kiislamu. Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuanza tarehe hizohizo, mwezi ukiandama. Mama yako ataanza kufunga siku ambayo barabara nzima iko kwenye kilele cha shangwe, joto likiwa nyuzi 30 au 31, naye ana kidonge tumboni kinachomtoa maji. Najua msafiri na mgonjwa wana ruhusa yao, lakini najua pia mama zetu: ruhusa wanayo, na wanafunga vilevile. Suala la dini mwachieni yeye na sheikh wake. La mwili ni langu, na mwili wake sitaki uwekwe kwenye mtihani huo.

Tazama mwaka unaofuata. Karnivali ya 2028 ni tarehe 28 na 29 Februari, na Idi inatarajiwa kuwa tarehe 26 au 27. Trinidad ina Waislamu wengi kiasi kwamba Idi el-Fitri ni sikukuu ya taifa, wakati Jumatatu na Jumanne za karnivali, utashangaa, kisheria si sikukuu, ingawa hutapata duka lililo wazi. Mama atafunga Ramadhani yake Toronto kwenye baridi, mchana mfupi, ataswali Idi Arima au kwenye msikiti wa Jinnah Memorial ulioko St Joseph, kisha atakaa kitini kuwatazama wajukuu. Ikiwa 2027 ni lazima, nendeni wiki mbili kabla, mfaidi mazoezi ya bendi na nusu fainali za mashindano yao, mrudi kabla ya kufunga. Hilo nalo ni zuri kuliko wengi wanavyodhani, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nimjibu dada yako kuhusu uchi na pombe. Vipo. Jumanne, bendi kubwa za mavazi hupita na maelfu ya watu waliovaa shanga, manyoya na nguo za kuogelea, na vinywaji hutembea nao kwenye malori. Alfajiri ya Jumatatu, kuanzia saa kumi, kuna J'ouvert: watu hujipaka matope, rangi, mafuta na hata chokoleti, wakacheza gizani hadi jua lichomoze. Mimi naipenda J'ouvert, lakini si pahali pa mtoto. Ni giza, barabara inateleza, watu wamekunywa, na mtoto wa miaka 4 kimo chake ni cha magoti ya watu. Wewe na mume wako mkitaka kwenda, nendeni, ila msimfanye mama yaya wa kila usiku. Hakupanda ndege kutoka Tanga aje kulinda usingizi wa watoto wakati nyinyi mnapakana matope.

Lakini kuiita karnivali yote uchi ni kuisahau ilikotoka. Wakulima wa Kifaransa waliohamia Trinidad baada ya 1783 walileta dansi za vinyago kabla ya Kwaresima, na watumwa walikuwa na sherehe zao, ikiwamo ile ya mienge iliyokumbuka mashamba ya miwa yalipowaka moto. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, na kifungo cha uanagenzi kilichofuata, yaani kazi ya lazima kwa mabwana walewale, kikaisha 1838, waliokombolewa waliingia barabarani na kuifanya karnivali kuwa yao. Mwaka 1881 polisi walijaribu kuwazuia wasibebe mienge yao, wakapambana nao katika mji mkuu, Port of Spain. Serikali ikazikaba ngoma kwa sheria ya 1884. Watu wakageukia mianzi, wakaigonga chini kupata midundo. Kisha wakageukia makopo, mapipa ya biskuti, na hatimaye mapipa ya mafuta, ambayo waligundua kwamba ukiyapiga nyundo kwa ustadi yanaimba noti kamili. Ndiyo pan hiyo. Kijana wako anayependa ngoma akielezwa kwamba chombo hicho kilizaliwa kwa sababu ngoma zilipigwa marufuku, atakitazama kwa jicho jingine. Pambano la 1881 huigizwa kila mwaka alfajiri ya Ijumaa kabla ya karnivali, mashariki mwa mji. Kwa mtoto wa miaka 10 anayeweza kuamka mapema, hilo linafaa, mdogo alale.

Na mama asidhani ni mambo ya kigeni sana. Mwulize kama wazazi wake waliwahi kumsimulia beni. Pwani yetu yote, Tanga ikiwamo, vikundi vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana kwa magwaride, sare, tarumbeta na vyeo vya kujipa vya kijeshi, kila upande ukitaka kuutia mwingine aibu kwa unadhifu. Port of Spain atakuta bendi za mabaharia wanaoyumba kama walevi, zilizotokana na kuwaigiza mabaharia wa manowari za Kimarekani, na vikundi vya pan vyenye wafuasi wanaotaniana mwaka mzima. Akili iliyozaa yale na iliyozaa haya ni ndugu: mtu aliyetawaliwa anavaa nguo za mtawala wake na kuzivaa vizuri zaidi.

Sasa saa ninazozipendekeza. Jumamosi kabla ya karnivali ni ya watoto. Bendi zao hupita mjini na kufika uwanja mkubwa wa Queen's Park Savannah asubuhi na mchana. Mavazi ni ya kusitiri, yametengenezwa kwa mikono, na utaona wahusika wa kale: pepo mwenye mkia, mwizi wa usiku wa manane mwenye kofia pana na maneno makubwa, na moko jumbie wanaotembea juu ya miguu ya mbao mirefu kupita kimo cha mlango. Huko Cocorite, magharibi mwa mji, kuna shule iitwayo Keylemanjahro inayowafundisha watoto kutembea hivyo. Jina nadhani mama atalitambua. Kaeni kwenye jukwaa lenye kivuli, fikeni mapema, ondokeni kabla watoto hawajachoka. Saa mbili au tatu zinatosha.

Jambo la pili, na kwangu ndilo bora kuliko yote, ni viwanja vya mazoezi ya pan. Kuanzia Januari, karibu kila jioni, vikundi kama All Stars wa Duke Street, Renegades wa Charlotte Street na Phase II wa Woodbrook hufanya mazoezi kwenye viwanja vyao, na mtu yeyote huingia akasikiliza. Wanajiandaa kwa Panorama, shindano lililoanza 1963, ambapo kikundi kikubwa huwa na wapigaji hadi 120 na wimbo mmoja wa dakika chache unaorudiwa kwa wiki nyingi. Utaona kinyozi, mwanafunzi wa shule na mama mwenye nyumba wamesimama bega kwa bega wakirudia kipande kilekile mara ishirini. Hakuna msongamano, mtoto anaweza kukimbia pembeni, kuna viti, kuna anayeuza supu ya mahindi. Usiku wa fainali Savannah ni mrefu na mchovu. Mazoezi ni pale unaposikia muziki ukijengwa.

Jumanne nendeni asubuhi kabla ya jua kali, mkae pembeni, si kwenye njia ya bendi. Au msiende Port of Spain kabisa: San Fernando, na Arima penyewe kwa wakwe zako, wana maandamano yao madogo ambako unaweza kumwona mtoto wako hata akikuponyoka mkononi. Jioni ya Jumatatu huko Paramin, milimani, kuna pepo wa buluu wanaotema rangi nyekundu kama damu na kuwadai watu pesa wawaache. Kijana wako atafurahi kuwaogopa. Mdogo asiende, mtoto wa miaka 4 hajui kutenganisha aliyejipaka rangi na pepo mwenyewe, na mtakesha naye wiki nzima.

Tuje kwenye masikio, ambako naona dada yako amekosea kwa upande mmoja na mume wako kwa upande mwingine. Muziki hauwezi kupasua ngoma ya sikio. Hiyo hupasuka kwa mlipuko, pigo au maambukizo. Madhara ya muziki ni ya ndani zaidi na hayana kishindo. Ndani kabisa ya sikio zimo seli zenye vinyweleo vidogo sana, takriban 15,000 kila upande, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Tunazaliwa nazo na haziongezeki. Sauti kubwa huzichosha, na ikiendelea huziua, na iliyokufa haioti tena. Hakuna maumivu ya kukuonya. Unachosikia ni mvumo masikioni na hisia kana kwamba umewekewa pamba, asubuhi imepotea, unadhani umepona. Kumbe baadhi zimekwenda, na hesabu yake utaiona ukiwa na miaka 40. Kwa hiyo "watoto wa kule wanakwenda tangu wakiwa wa kubebwa" si ushahidi kwamba hawakudhurika.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki kina hila yake: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati inayoingia sikioni huongezeka maradufu, kwa hiyo muda salama hukatika nusu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Endelea kukata nusu kwa nusu: kwa mtoto, desibeli 90 ni kama saa moja na robo kwa wiki nzima, na karibu na 100 ni dakika kumi au pungufu. Malori ya muziki ya karnivali, ukiwa jirani na spika, huvuka 100. Pan nazo, ukisimama katikati ya kikundi kikubwa, zinaweza kufika huko.

Una silaha tatu. Ya kwanza ni umbali: uwanjani, kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika sauti hushuka karibu desibeli 6, yaani robo ya nishati ndiyo inayobaki. Kwenye barabara iliyobanwa na majengo inashuka kidogo kuliko hapo kwa sababu kuta zinairudisha, ndiyo maana napendelea Savannah kuliko vichochoro vya katikati ya mji. Ya pili ni muda: mapumziko ya kweli kwenye ukimya, si kuhama kutoka lori hadi lori. Ya tatu ni vifuniko vya masikio vya watoto, vile vya kukumbatia sikio zima, vyenye kipimo cha kupunguza sauti kilichoandikwa kwenye boksi. Vikikaa vizuri hupunguza kama desibeli 20. Nywele zilizosukwa mafundo makubwa au miwani vikiachia upenyo, faida kubwa hupotea. Mama na nyinyi wenyewe mtumie vizibo vya sponji. Pamba ya dukani haizuii chochote cha maana, msijidanganye nayo.

Mtoto wenu mdogo mzoezesheni vifuniko mapema, nyumbani. Avivae akitazama katuni, kisha ile mashine ya nywele iwashwe chumba cha pili, kisha chumba hichohicho, yeye mwenyewe akiwa na ruhusa ya kuizima. Watoto wengi wa umri wake huogopa sauti za ghafla na hupita. Lakini ningependa apimwe usikivu kabla ya safari, hasa kama amewahi kuugua masikio mara kwa mara, kama matamshi yake yamechelewa, au kama anaziba masikio hata kwa sauti za kawaida kama bomba la maji. Hilo linahitaji mtu wa kumtazama ana kwa ana. Na ikiwa baada ya maandalizi yote atafika akalia, mmoja wenu aondoke naye bila mabishano. Tiketi imelipwa, basi.

Kuhusu mama, watu watamhofia kwa joto kuliko wote, na hapo nawapinga kidogo. Tanga si baridi. Waliotoka kwenye theluji ya Toronto jana yake ndio ambao miili yao haijazoea, na mama akikaa huko wiki kadhaa atakuwa mmoja wao. Jasho na damu huchukua wiki moja hadi mbili kujirekebisha, kwa hiyo siku tatu za mwanzo watoto wanywe maji bila kungoja kiu na wasikae juani kati ya saa tano na saa tisa. Tatizo la mama ni vidonge. Amlodipini hulegeza mishipa midogo ya damu, maji yanavujia kwenye vifundo, na joto pamoja na kukaa ndani ya ndege kwa saa nyingi huzidisha uvimbe. Kidonge cha kukojosha nacho humpunguzia maji na chumvi. Akitoka jasho jingi na kuharisha kidogo, presha inaweza kushuka ghafla akisimama, au chumvi ya damu ikashuka hadi akachanganyikiwa. Msimpunguzie dozi wenyewe. Mwezi mmoja kabla ya safari aende kliniki, apimwe presha, figo na chumvi za damu, na amwulize daktari wake swali hili moja: siku nikiharisha au kutapika, nifanye nini na kidonge cha kukojosha? Jibu aandikiwe. Halafu kuna zile dawa za maumivu ya miguu ambazo bibi wote wanazo mkobani, diklofenaki na ibuprofeni. Zikikutana na dawa za presha na upungufu wa maji, figo ndizo zinazolipa. Atumie parasetamoli. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake.

Uvimbe wa miguu yote miwili unaopungua akiinua miguu ni wa kawaida. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au akikosa pumzi, hospitali saa hiyohiyo.

Kadi ya njano: ndiyo, suala lipo, ila si kwa sababu wengi wanayoifikiria. Kisiwa cha Trinidad kimo kwenye orodha ya maeneo yenye hatari ya homa ya manjano, Tobago haimo. Virusi huishi kwa nyani wa msituni, na milima iliyo juu ya Arima ndiyo misitu yenyewe, basi mkipanga matembezi huko, chanjo ni ya kufikiriwa kwenu wote. Zaidi ya hapo, Tanzania humdai cheti msafiri anayetoka nchi yenye hatari hiyo. Mama akirudi Tanga baada ya kukaa Toronto wiki kadhaa, kisheria ametokea Kanada, lakini mhuri wa Trinidad utakuwa kwenye pasipoti, na simshauri bibi aliyechoka abishane na ofisa wa uwanja wa ndege kuhusu siku ambazo virusi hukaa mwilini. Na akija kupitia Nairobi au Addis Ababa akakaa zaidi ya saa 12, Trinidad nao wanaweza kumdai, maana Kenya na Ethiopia zimo kwenye orodha hiyohiyo.

Hapa kuna mizani. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa waliovuka miaka 60 wanaochanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makali, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Kwa hiyo kwanza mwulizeni kama aliwahi kuchanjwa zamani na kama kadi ipo kwenye sanduku. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata iwe imeandikwa miaka kumi tu. Kama hajawahi, akae na mtaalamu wa chanjo za wasafiri amweleze afya yake yote. Ikionekana hatari inazidi faida, aandikiwe barua rasmi ya kutochanjwa, asiingie msituni, na mpigie ubalozi simu kuuliza kama barua itakubaliwa. Akichanjwa, cheti huanza kazi baada ya siku 10. Watoto wenu kwa umri wao hawana kikwazo, isipokuwa mwenye mzio mkali wa mayai au upungufu wa kinga.

Karatasi nyingine mzimalize mapema: viza ya Trinidad kwa pasipoti ya Tanzania mwulize ubalozi, kwa kuwa kuwa nchi ya Jumuiya ya Madola peke yake hakutoshi, viza ya Kanada iwe ya kumruhusu kuingia tena, na chagueni ndege ya moja kwa moja kutoka Toronto, kwa sababu kupita Marekani hata kwa saa mbili kunahitaji viza yao. Mama anunuliwe bima inayotaja presha yake kwa jina. Ile ya serikali ya Ontario, jimbo lenu, haimhusu, na nyinyi wenyewe inawalipia kidogo sana mkiwa nje.

Usalama siufichi. Mwaka 2024 Trinidad na Tobago, nchi ya watu takriban milioni 1.5, ilipoteza zaidi ya watu 600 kwa mauaji, na serikali ikatangaza hali ya hatari mwishoni mwa Desemba. Karnivali ya Machi 2025 ilifanyika chini ya hali hiyo, polisi wakiwa kila kona. Sehemu kubwa ya damu hiyo ni ya magenge na mitaa yao, lakini risasi haiulizi mtu anakaa wapi. Fuateni wenyeji wa Arima: njia gani, saa ngapi, dereva yupi. Mchana maksi teksi zenye mstari mwekundu zinatosha kuwafikisha mjini. Usiku mwe na gari la mtu mnayemjua. Someni tahadhari za serikali ya Kanada wiki ya kuondoka, na zikibadilika, ahirisheni.

Kama haya yote yanawaelemea, mnayo njia iliyo mlangoni kwenu. Toronto ina karnivali yake ya Kikaribi tangu 1967, kilele chake ni wikendi ya kwanza ya Agosti, na watoto wana siku yao Julai. Mpelekeni mdogo huko kwanza na vifuniko vyake. Mtajua mengi ndani ya saa moja kuliko nitakayowaandikia hapa.

Mwisho malaria. Trinidad iliimaliza tangu 1965, na kinachosumbua kule ni kidingapopo, yaani dengi, ambayo mbu wake huuma mchana. Dawa ya kujipaka ni ya asubuhi na jioni, si ya kulalia tu. Hofu yangu iko upande wa pili. Mama anatoka Tanga, na vimelea vya malaria vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, mara nyingine miezi, kabla ya homa kupanda. Akipatwa na homa Toronto au Arima, daktari wa huko atafikiria mafua au dengi na hatamtoboa kidole. Msimpe aspirini wala ibuprofeni, mpelekeni siku hiyohiyo, na kabla hata ya kuulizwa aseme ametoka Tanzania na anataka kipimo cha malaria. Mwandikie sentensi hiyo kwa Kiingereza kwenye karatasi, ikae pamoja na vidonge vyake.